Sura ya Sita: Miaka Mitatu Kabla ya Septemba

Tuwachukue vijana wawili. Ni wa kubuni, ingawa wenzao wa kweli hujaza fomu kila mwaka. Wa kwanza amezaliwa London na ana pasi ya Uingereza tangu akiwa mchanga. Mama yake alirudi Dar es Salaam kufungua biashara mtoto akiwa na miaka saba, na tangu hapo kijana amesoma Masaki kwa mtaala wa Cambridge, anashangilia Arsenal, na kila Krismasi yuko Leicester kwa shangazi zake. Wa pili amezaliwa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kwa wazazi waliokimbia vita Kivu ya Kusini. Ameingia Uingereza mwaka juzi pamoja na familia yake kwa mpango wa kuwahamisha wakimbizi. Pasi hana, ana karatasi inayomtambua kuwa mkimbizi. Wote wawili wamepata nafasi katika chuo kimoja cha England, kozi moja, kuanzia Septemba, na wote wawili wanaomba mkopo wa serikali.

Anayepata ni wa pili. Mwenye pasi ananyimwa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hilo linasikika kama kichekesho, kwa sababu kwetu swali la kwanza ni uraia. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Tanzania (HESLB), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, humtaka mwombaji awe Mtanzania, awe hajavuka miaka 35, awe amepata udahili katika chuo kinachotambulika, na alete cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, au na wakala wa usajili wa Zanzibar kama amezaliwa Visiwani. Hakuna anayemuuliza alilala wapi mwaka juzi. Mtanzania aliyekulia Lubumbashi au Muscat ni Mtanzania. Tabu yake itakuwa kupata ulinganisho wa vyeti vyake kutoka baraza la mitihani, NECTA, basi. HELB ya Kenya, ya mwaka 1995, imepita njia hiyo hiyo: kitambulisho cha taifa mezani, halafu mengine yafuate.

Waingereza wanauliza vingine. Umeishi wapi miaka mitatu iliyopita? Uliishi huko kwa sababu gani? Na uliishi kwa ruhusa ya nani? Pasi hujibu swali la tatu tu. Yule kijana wa Masaki amejibu moja kati ya matatu, na kwa hesabu za Glasgow, yaliko makao ya kampuni ya serikali inayotoa mikopo hiyo, moja kati ya matatu ni sifuri.

Mkimbizi yeye ameruhusiwa kuliruka sharti la miaka mitatu, na sababu yake ni ya haki kabisa: huwezi kumdai mtu miaka ya utulivu mahali fulani wakati unakiri kwa maandishi kwamba alikuwa akikimbia. Anachotakiwa ni kuwa ameendelea kuishi nchini tangu alipotambuliwa. Angalia lakini kwamba nasema mkimbizi aliyetambuliwa. Anayesubiri jibu la ombi la hifadhi, hata akisubiri miaka minne, hana mkopo. Tegemeo lake ni ufadhili ambao baadhi ya vyuo huutenga kwa watu wa hali yake, na nafasi hizo ni za kuhesabu kwa vidole.

Kabla hatujaenda mbali, tuseme fedha ni kiasi gani, maana bila kujua kiasi mtu hataelewa kwa nini watu wamepelekana mpaka mahakama ya juu kabisa. Kwa mwaka wa masomo 2025/26 ada ya mwanafunzi wa nyumbani katika England haiwezi kuzidi pauni 9,535, na mkopo unaweza kuilipa yote, moja kwa moja chuoni. Juu yake upo mkopo wa kujikimu: kwa anayeishi mbali na wazazi nje ya London unafika pauni 10,544, na ndani ya London pauni 13,762, kulingana na kipato cha nyumbani kwao. Asiye wa nyumbani hana ukomo wa ada. Chuo humtoza kinachoona soko litabeba, na mara nyingi ni zaidi ya maradufu. Marejesho nayo ni mepesi kwa namna ambayo mnufaika wa Tanzania anayekatwa asilimia 15 ya mshahara atayaonea wivu: aliyeanza masomo kuanzia Agosti 2023 hukatwa asilimia 9 ya kile tu kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka, na baada ya miaka 40 salio hufutwa. Deni la namna hiyo lina ruzuku ya mlipakodi ndani yake. Ndiyo maana serikali inachagua kwa makini nani aingie.

Sasa, mtindo huu wa kuuliza makazi umetoka wapi? Umetoka kwenye serikali za mitaa. Sheria ya elimu ya mwaka 1962 iliziamuru halmashauri za England na Wales ziwalipie wanafunzi wa chuo kikuu, na wakati ule haukuwa mkopo, ilikuwa fedha ya bure. Lakini halmashauri ilipie nani? Ilipie wakazi wake. Halmashauri ya Barnet haikuwa na sababu ya kumlipia kijana wa Birmingham. Sharti la kuwa mkaazi wa kawaida wa eneo fulani lilikuwa njia ya kugawana bili baina ya halmashauri, zaidi kuliko njia ya kumchuja mgeni. Mgeni mwenyewe hakuwa tatizo kubwa. Mpaka mwaka 1967 ada yake ilikuwa sawa na ya mwenyeji. Mwaka huo waziri wa elimu, Anthony Crosland, akaipandisha ya wageni mpaka pauni 250, na ilipofika 1980 serikali ya Margaret Thatcher ikaamua wageni wapya walipe gharama kamili. Kuanzia hapo mstari kati ya mgeni na mwenyeji ukawa na bei, na kitu chenye bei hakikosi wadai.

Wadai wakaja. Walikuwa vijana waliofika Uingereza kutoka nje, wengi wao kwa viza za masomo, wakasoma sekondari na vyuo vya kati kwa miaka mitatu au zaidi, kisha wakaomba halmashauri ziwalipie chuo kikuu. Hoja yao ilikuwa nyepesi: sheria inataka mkaazi wa kawaida wa miaka mitatu, sisi tumekaa miaka mitatu, tulipeni. Halmashauri zikakataa. Mahakama ya Rufani, akiwemo Lord Denning, ikaziunga mkono. Kesi ikapanda mpaka kwenye Nyumba ya Mabwana, ambayo wakati huo ndiyo ilikuwa mahakama ya mwisho, na tarehe 16 Desemba 1982 mabwana wakaigeuza. Inajulikana kwa jina la mmoja wa wanafunzi, Shah dhidi ya Barnet.

Aliyeandika hukumu ni Lord Scarman, na alichosema kingali kinatumika hadi leo, hata hospitalini mgeni anapoulizwa kama ana haki ya matibabu ya bure. Alikataa kupekua moyo wa mtu. Mahakama haiulizi unaota kuzeeka wapi, wala kaburi lako unalitaka nchi gani. Inauliza umechagua kuishi wapi kwa hiari yako, kwa lengo linaloeleweka, katika mwenendo wa kawaida wa maisha yako ya sasa, yawe mafupi au marefu. Lengo hilo linaweza kuwa kazi, ndoa, afya, na kusoma pia ni lengo. Mtu anaweza hata kuwa mkaazi wa kawaida wa nchi mbili kwa wakati mmoja. Kizuizi alichokiweka ni kimoja: kukaa kwenyewe kuwe halali, kwani mtu hawezi kujengea haki juu ya kuvunja sheria ya uhamiaji.

Kwa Mswahili wa kizazi kile, aliyekuwa na mke Mombasa, duka Bukavu na mama mzazi Pemba, maelezo ya Scarman yalikuwa ya kiutu kuliko sheria nyingi za wakati ule au hata za sasa. Yalimkubali mtu jinsi anavyoishi.

Serikali haikufurahi. Haikuchukua mwaka, zikaja kanuni mpya za 1983 zenye kipengele kidogo kilichouzima ushindi wa wale vijana: miaka mitatu haihesabiki ikiwa mtu alikaa nchini kwa ajili ya masomo tu, au hasa kwa ajili ya masomo. Kipengele hicho bado kipo, na ndicho kinachowanasa watu wetu kuliko kingine chochote. Mzazi wa Nairobi au Dar, mwenye pasi ya Uingereza na uwezo, hujisemea: mtoto nitampeleka bweni Kent akiwa na miaka 14, akifika 18 atakuwa ametimiza miaka yake. Amelipa ada ya bweni miaka minne, mtoto amelala England usiku mwingi kuliko alivyolala nyumbani, na bado miaka yote minne inaweza kuhesabiwa kuwa hakuna. Alikwenda kwa ajili ya shule. Likizo alirudi kwa mama. Afisa wa mikopo haangalii wingi wa usiku peke yake. Anaangalia kama shule ingeondolewa, mtoto angekuwa wapi.

Swali hilo, angekuwa wapi, ni zuri kuliko jibu lake. Linataka afisa abuni maisha ambayo hayakutokea.

Kuna njia ya kutokea, nayo ni kutokuwepo kwa muda. Familia ambayo makazi yake ya kawaida ni Uingereza, lakini mzazi ametumwa na mwajiri kufanya kazi Dubai au Kigali kwa mkataba wenye mwisho, inaweza kuhesabiwa kama haijaondoka. Askari na familia zao wamo humo. Hapo ndipo makaratasi yanapoanza kuwa na thamani ya dhahabu: mkataba wenye tarehe ya kumaliza, barua ya mwajiri, nyumba ambayo haikuuzwa, ada za mtaa zilizoendelea kulipwa. Mama yetu wa Masaki, aliyerudi kufungua biashara yake mwenyewe, hana mwajiri wa kumwandikia barua. Alirudi nyumbani. Na ukishasema nyumbani, umejibu.

Jambo lingine linalowatoa watu jasho ni siku. Kipimo chote huchukuliwa siku moja, ambayo kwa kozi zinazoanza kati ya Agosti na Desemba ni tarehe 1 Septemba. Miaka mitatu ni ile inayoishia siku hiyo. Ukaazi wa kudumu, kwa anayeutegemea, uwe umeshatoka siku hiyo. Home Office, wizara inayosimamia uhamiaji, ikichelewesha barua mpaka tarehe 9 Septemba, kipimo kimeshachukuliwa bila barua hiyo. Nimesikia wazazi wakisema watamweleza afisa, ataelewa. Ataelewa sana, na bado atakataa, kwa sababu hana mamlaka ya kufanya vingine.

Tena milango ni miwili, na watu huichanganya. Chuo ndicho kinachoamua kama mwanafunzi ni wa ada ya nyumbani au ya kigeni. Kampuni ya mikopo ndiyo inayoamua kama atakopeshwa. Kanuni zao zinafanana, lakini wanaoamua ni wawili na hawalazimiki kukubaliana. Zaidi ya hapo, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini kila moja ina ofisi na kanuni zake. Ninayoyaeleza hapa ni ya England.

Kesi iliyobadilisha mambo katika zama zetu ililetwa na binti wa Zambia. Beaurish Tigere alifika Uingereza mwaka 2001 akiwa na miaka sita, akifuatana na wazazi wake. Baba alikuwa na viza ya masomo. Mwaka 2003 baba akarudi Zambia. Mama na mtoto wakabaki, na viza ikaisha wakiwa wamebaki. Msichana akasoma shule ya msingi, akasoma sekondari, akawa dada mkuu wa shule, akafaulu vizuri. Wenye ndugu ughaibuni wanaijua hadithi hii bila kusimuliwa: mtoto haambiwi habari za makaratasi mpaka siku ambayo makaratasi yanahitajika. Januari 2012 serikali ilimpa ruhusa ya kukaa kwa muda, yenye kurudiwa rudiwa, na asingeweza kuomba ukaazi wa kudumu kabla ya mwaka 2018. Akapata nafasi Chuo Kikuu cha Northumbria kusomea biashara ya kimataifa. Akaomba mkopo. Akanyimwa, kwa kuwa hakuwa na ukaazi wa kudumu siku ya kwanza ya kozi.

Kanuni zilizomnyima zilikuwa za mwaka 2011. Kabla yake, watu wenye ruhusa ya aina yake walikuwa wakikopeshwa. Yaani mlango ulikuwa wazi, ukafungwa akiwa tayari amejipanga kwenye foleni.

Hoja ya serikali mahakamani haikuwa ya kipuuzi, na tusiichukulie hivyo. Ilisema mkopo huu una fedha ya umma, basi uende kwa wale ambao inaelekea watabaki nchini, wafanye kazi, walipe kodi na kurejesha deni. Mwenye ruhusa ya muda anaweza kuondoka. Tena ofisi inayopokea maombi mengi kiasi kile inahitaji mstari ulionyooka. Haiwezi kukaa na kila mwombaji kumpima moyo. Majaji wote waliukubali umuhimu wa mstari. Waligombana kuhusu mahali ulipochorwa.

Tarehe 29 Julai 2015 Mahakama ya Juu iliamua kwa majaji watatu dhidi ya wawili. Lady Hale, aliyeongoza walio wengi, alimtazama binti aliyepita darasa zote za nchi hiyo, ambaye serikali yenyewe haikuwa na nia ya kumwondoa, na ambaye kumchelewesha chuo mpaka 2018 kungemfanya aanze wakati wenzake wamehitimu na kuajiriwa. Mtu kama huyo, kwa mtazamo wake, amekwishakuwa mkaazi kwa kila namna isipokuwa jina. Sharti la ukaazi wa kudumu, kwa mtu wa hali yake, likaonekana kuvunja haki yake ya elimu bila ubaguzi chini ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu. Lord Sumption na Lord Reed walipinga: kuchagua mstari wa ruzuku ni kazi ya serikali, na kila mstari, popote utakapowekwa, utamwacha mtu nje akiwa anastahili.

Mimi naegemea kwa Hale, lakini maneno ya Sumption na Reed yanarudi kila ninaposoma kilichofuata. Maana kuna jambo ambalo Tigere hakulishinda. Sharti la miaka mitatu ya kukaa kihalali lilibaki. Miaka yake tangu 2003 mpaka 2012, miaka ya kuimba nyimbo za shule na kukimbizana uwanjani, ilibaki kuwa si kitu mbele ya kanuni. Scarman alishasema hivyo mwaka 1982 kwa watu wazima waliojua wanachokifanya. Kumbebesha mtoto wa miaka nane uamuzi wa wazazi wake ni jambo jingine, na mahakama ililiacha sharti lilivyo.

Kwenye kesi ya Tigere lilijitokeza shirika la Just for Kids Law, na ndani yake kulikuwa na kampeni ya vijana iliyoanzishwa na Chrisann Jarrett, Mjamaika aliyefika London akiwa na miaka minane, akapata nafasi ya sheria London School of Economics mwaka 2013, na kukuta hana haki ya mkopo. Chuo chenyewe kilimpa ufadhili. Vijana hao ndio baadaye waliounda taasisi ya We Belong. Nawataja kwa sababu kanuni hizi hazijabadilishwa na majaji peke yao. Zimebadilishwa na watoto wa shule waliokubali kusema hadharani kwamba hawana makaratasi kamili, jambo ambalo wazazi wao waliwakataza tangu wakiwa wadogo.

Serikali ikaandika kanuni mpya, zikaanza Juni 2016. Zinamkubali asiye na ukaazi wa kudumu ikiwa amekaa kihalali miaka mitatu na, juu ya hapo, moja kati ya haya: ana chini ya miaka 18 na ameishi nchini miaka saba, au ana miaka 18 na zaidi, na ameishi nchini nusu ya umri wake au miaka 20.

Ukisoma haraka utaona wamekuwa wakarimu kwa watoto. Miaka saba ni michache. Lakini chukua kalenda. Mwaka wa shule wa England huwakusanya waliozaliwa kuanzia tarehe 1 Septemba mpaka 31 Agosti, na mwanafunzi wa kawaida huingia chuo kikuu Septemba inayofuata baada ya wote katika darasa lake kutimiza miaka 18. Aliye mdogo kuliko wote, wa tarehe 31 Agosti, hutimiza 18 siku moja kabla ya kipimo kuchukuliwa. Kwa hiyo kipengele cha chini ya miaka 18 humfaa aliyerushwa darasa, na karibu hakuna mwingine. Sijui kama aliyekiandika alikuwa na kalenda mezani. Kinachobaki kwa kijana wa kawaida ni nusu ya umri: awe ameingia nchini kabla ya kutimiza miaka tisa na ushee.

Scotland, baada ya mahakama yake kuzikosoa kanuni za huko mwaka 2022, imelegeza zaidi na kuachana na hesabu za nusu ya umri. Kijana wa Newcastle aliyekataliwa angeweza kuwa amekubaliwa kama mama yake angepangisha nyumba Edinburgh. Familia zinazofahamu hili huhama. Ni wachache wanaofahamu.

Nirudi kwa kijana wa Masaki, maana tumemwacha pabaya. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Akifika miaka 18 sheria inamtaka achague. Akichagua Tanzania, anaweza kuomba HESLB kwa chuo cha hapa, na mlango wa England anaufunga kwa mkono wake. Akichagua Uingereza, HESLB imekwisha, na England bado haimtambui mpaka akaishi huko miaka mitatu kwa sababu isiyo ya masomo. Wapo wanaofanya hivyo hivyo. Wanakwenda wakiwa na 18, wanakaa kwa mjomba, wanabeba maboksi Leicester au wanaosha vyombo Reading, wanalipa kodi, na wakiwa na 21 wanajaza fomu. Ni njia halali kabisa. Mkenya, ambaye katiba ya 2010 ilimruhusu kuwa na uraia wa nchi mbili, ana nafasi ya kupumua: HELB inaendelea kumtambua wakati miaka yake mitatu ya Uingereza inahesabika.

Na wapo waliotimiza kila sharti na bado hawachukui. Mkopo huu una riba, na kwa familia nyingi za Kiislamu, wakiwemo Wazanzibari na Wabajuni walioko London, hapo mjadala umeisha. David Cameron alitangaza mwaka 2013, kwenye mkutano wa uchumi wa Kiislamu jijini London, kwamba mfumo mbadala usio na riba utatengenezwa. Sheria ya kuuruhusu ilipita mwaka 2017. Waliokuwa kidato cha kwanza mwaka wa tangazo la Cameron wamekwishahitimu chuo, waliokwenda, na mfumo haujafika.

Kinachokuja sasa kinawahusu watu wengine. Kati ya 2022 na 2024 Uingereza iliingiza kwa wingi wahudumu wa wazee na wagonjwa kutoka Afrika, Wakenya na Waganda wakiwemo, na mpaka Machi 2024 waliruhusiwa kuja na watoto. Ahadi ilikuwa ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitano. Mei 2025 serikali ilipendekeza kipimo cha kawaida kiwe miaka kumi, na Novemba mwaka huo ikapendekeza kwamba kwa wahudumu wa kundi hili kiwe miaka 15, hata kwa waliokwishaingia. Mjadala wote umekuwa juu ya mishahara, nyumba na posho. Sijaona wengi wakiuliza habari za mikopo ya chuo, ilhali hesabu yake inatoshea nyuma ya bahasha.

Tumchukue mtoto aliyezaliwa Machi 2012, aliyetua na mama yake kutoka Nairobi Juni 2022 akiwa na miaka kumi. Kwa ahadi ya awali angepata ukaazi wa kudumu katikati ya mwaka 2027, akaingia chuo Septemba 2030 bila maswali. Mapendekezo yakipita yalivyo, ataupata mwaka 2037. Basi itabidi aegemee kanuni ya 2016. Tarehe 1 Septemba 2030 atakuwa na miaka 18 na nusu, kwa hiyo kipengele cha miaka saba hakimhusu. Nusu ya umri wake ni miaka tisa na robo, na atakuwa ameishi Uingereza miaka minane na robo. Amepungukiwa mwaka mmoja. Mama yake hakuweza kuwahi kuuchukua mwaka huo, kwa sababu viza ya wahudumu wa wazee ilifunguliwa Februari 2022.